Kula ya Kumtoa Deo

Niboye, Kigali

Dada yangu Pelagia,

Shikamoo. Nakusalimu wewe kwanza, mkubwa wangu, halafu naingia ndani nisalimu mmoja mmoja. Mama yetu namwamkia, miguu yake inaendeleaje na baridi hii? Shemeji nasikia amerudi kwenye useremala, mpe pole na kazi. Binti yako Tekla mwambie kitenge nilichomwahidi kipo, sijasahau. Na Deo, mwanao na mwanangu, namsalimu mwisho kwa sababu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Unajua mimi na kalamu tuliachana darasa la nne, kwa hiyo nisome taratibu.

Sisi tuko wazima. Baba Diane bado yuko gereji kule Gikondo, mimi bado nauza nyanya na dodo, ule mchicha wa huku, hapa mlangoni. Mvua imezidi, nyanya zinaoza kabla hazijapata mtu. Hayo ni ya kawaida.

Wajua Diane na Deo walijiandikisha pamoja ile kozi ya biashara ya kwenye simu. Mwanzoni niliona ni mchezo. Mtoto kainamia simu anacheka peke yake, namwambia kasome, anasema mama, ndiyo nasoma. Siku moja akaniita nione. Kuna karatasi ndani ya simu, na maandishi yanatokea yenyewe, mstari kwa mstari, huku Diane kaweka mikono pembeni. Nikashtuka. Akasema huyo ni Neema, yuko Tanga, anaandika kipande chake, na mwingine yuko Bujumbura anamsahihisha hesabu. Wako watano, kila mtu na kipande chake, lakini alama wanapewa moja, ya wote.

Nikazoea. Nikawa hata nasogeza kigoda wanapoongea kwa sauti, maana nyuma ya Deo nawasikia ninyi. Siku moja nilikusikia ukimgombeza mbuzi. Nilicheka, halafu nikaingia jikoni Diane asinione uso.

Basi wiki iliyopita Diane akaniambia, "Mama, Jumamosi usinipe kazi. Kundi tuna kula."

Dada, nilifurahi. Nikasema hatimaye watoto hawa watakutana, angalau wale wa hapa Kigali. Nikapika ndizi na maharage sufuria kubwa, nikatoa zile sahani ulizonipa harusini. Diane kuingia anauliza nani anakuja. Nikamwambia si umesema kuna kula? Akacheka, halafu akakaa chini akaanza kulia.

"Si kula ya chakula, mama. Ni kula ya kumtoa Deo."

Mtoto aliyezaliwa hapa, r na l kwake ni kitu kimoja. Kura, Dada. Kura ya kumtoa Deo kundini.

Kumbe Deo haonekani zaidi ya mwezi. Kipande chake haleti, ujumbe hajibu. Diane akawa anaandika yeye na kuweka jina la Deo, mara ya kwanza, mara ya pili. Akadhani hakuna atakayejua. Neema akajua. Nilimsikia mwenyewe, simu iko mezani katikati ya sahani:

"Diane, ndugu yangu, tangu lini mtu wa Morogoro akaandika biashala na fulsa?"

Wengine wakacheka. Neema akasema hana ubaya na Deo, ila mwalimu akigundua watafutiwa alama wote, na yeye kule Tanga ameacha kibarua ili asome. Sikuona neno baya hapo. Angekuwa mwanangu ningemwambia aseme hivyo hivyo.

Ndipo Diane, kwa kubanwa, akasema Deo anaumwa. Yuko hospitali, hali si nzuri. Neema akawa wa kwanza kuomba radhi. Akasema mgonjwa hapigiwi kura, mwalimu ataambiwa ukweli na kipande chake watagawana mpaka apone. Lakini Deo aseme mwenyewe, au mtu wa kwao aseme. Ikiwa ni uongo, wanatoka wote wawili, yeye na Diane.

Zile ndizi tulizimaliza na majirani.

Diane nimemgombeza kwa kubuni ugonjwa huo mpaka nimechoka, ila usingizi sipati vizuri. Wanafundishwa kushirikiana. Sasa kushirikiana ni kumbebea ndugu yako, au ni kusema wazi kwamba ndugu yako hayupo? Mimi sikusoma. Najua tu kwamba siku ile Neema naye sauti yake ilikuwa ya machozi.

Nimepiga hiyo simu ya Deo, na ndiyo simu pekee ya nyumbani kwenu, haiiti. Imeharibika? Au amepata kazi? Au masomo yamemshinda na anaona haya? Kama ameacha, mwambie mama mdogo hana hasira naye. Mungu anisamehe, asubuhi nikisali nimejikuta namwombea Deo homa. Kidogo tu, ya kupona upesi. Nikaikatiza sala.

Msalimie mjomba Kaspari fundi baiskeli, na shangazi Fransiska aliyetuzalisha sote, na mwenyekiti wa jumuiya.

Barua hii anakuletea jirani yetu, dereva wa lori. Anakwenda kushusha mzigo Dar, na akirudi atapita tena hapo kwenu. Mpe jibu, hata mistari miwili nyuma ya karatasi hii hii. Lakini Dada, usiandike anaumwa kama haumwi. Utakachoandika nitampa Diane, na Diane atawasomea wenzake kama kilivyo. Fanya upesi.

Mdogo wako,
Koleta, Mama Diane