Ua la Barrière

Beni, Jumatatu

Mama Masika, mke wangu,

Pokea salamu zangu kabla hujapokea maneno ya soko. Hapo Musienene mnaendeleaje? Kikohozi cha Masika kimepungua? Maharagi yamekubali, au mvua imeyaozesha? Mimi ni mzima. Na Baba Mdogo wako, Mwalimu Kasereka, yuko hai. Waambie hivyo wote wanaosema amepigwa risasi. Lisemwalo lipo, lakini hili halipo.

Sasa keti nikueleze, maana najua utanilaumu.

Tangu vita vifunge shule, yeye hana wazo lingine ila okidi, yale maua yanayoishi juu ya miti bila kugusa udongo. Tumezunguka ukingo wa msitu tukitafuta moja aliyoiona mara moja tu ujanani. Shida ni kwamba ina ndugu yake wa kawaida, mwenye ua jeupe, na kabla ya kuchanua huwezi kuzitofautisha. Kile kitunguu cha shinani ni kilekile, jani ni lilelile. Tulipopata moja kwenye tawi lililoanguka, ikiwa na matumba mawili, aliibandua pamoja na gome lake akaifunga ndani ya shati. Tuliomba iwe ile adimu.

Kwenye barrière, kile kizuizi cha barabarani, askari wakafungua shati.

“Njo dawa ya risasi hii,” komanda akasema. “Muzee, weye ni docteur ya Mai-Mai.” Alimdhania mganga wa wale wapiganaji wa msituni wanaoamini dawa hugeuza risasi kuwa maji.

“Hapana, komanda. Ni maua tu.”

“Maua gani inaishi bila udongo?”

Wakampiga mbele yangu. Nilisimama mikono juu. Kisha komanda akalitundika lile gome kwenye mti wa barrière. “Kama ni maua, itoe maua,” akaniambia. “Lakini kama inakauka, muzee hapana tatoka.” Wakamfungia katika duka tupu. Mimi wakanipa kazi ya kuchota maji na kupasua kuni.

Ningeweza kutoroka. Sikutoroka, na sijui kama ni ujasiri au ni kukuogopa wewe.

Okidi ikihamishwa huangusha matumba. Hilo sikumwambia komanda. Tumba la kwanza likageuka njano, likaanguka. Nililiokota nikalimeza kabla hawajaliona.

Tena nilijua jambo baya zaidi. Ile adimu, kwa alivyonisimulia Baba Mdogo, ina rangi ya damu iliyokauka, na katikati ina ulimi wenye nywele unaotikisika hata pasipo upepo. Askari wenye hofu wakiona kitu kama hicho, Baba Mdogo amekwisha. Basi mimi niliyeomba ile adimu nikaanza kumlilia Mungu alete ile nyeupe.

Jumamosi asubuhi tumba lililobaki likafunguka. Ilikuwa ile adimu.

Askari wakarudi nyuma. “Inapumua,” mmoja akasema, akakoki bunduki. Nzi akaja, akatua kwenye ulimi, ulimi ukamtupa ndani. Akatoka amebeba unga wa njano mgongoni. Akaja mwingine. Komanda akachuchumaa.

“Banafanya nini pale?”

“Ni kama nyuki ku maharagi, komanda. Banabeba unga ya maua.”

Akatazama muda mrefu, halafu akacheka. “Dawa yenye inakanyagwa na nzi ni dawa gani? Mutoshe ule muzee.”

Wakamtoa. Macho yalikuwa yamevimba na kufumba kabisa. Hakuomba maji. Aliniuliza, “Imetoa ua? Njo ile adimu?”

Yule askari alikuwa bado ameshika bunduki. Kama ningekubali, Baba Mdogo asingeondoka pale bila ua lake.

“Hapana, Baba,” nikasema. “Ni ile ya kawaida.”

Akaniegemea, tukatembea mpaka Beni. Njiani alilia, na si kwa maumivu.

Barua hii anaileta pasta anayekwenda Butembo. Barabara ikitulia tutarudi. Nisalimie mama mkwe, na shemasi jirani yetu aliyetuombea. Mke wa Baba Mdogo, kule Masereka, mpelekee habari wewe mwenyewe, usimtume mtu. Masika mbusu. Mungu wetu Nyamuhanga awalinde.

Leo macho yake yamefunguka. Ameomba penseli, anachora lile ua la ujana wake hapa mezani ninapoandikia, asije akalisahau. Nywele za ulimi amezifanya fupi mno. Nimenyamaza.

Mume wako,
Kakule