Sikio la Pili

Nyumbani kwa Mama,
chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Mbishi,

"Mtahini wa pili ni anasa. Takwimu zetu zinaonyesha kwamba kwa miaka mitatu mfululizo watahini wawili wa mtihani wa kuzungumza wametoa alama zinazofanana karibu kila mara. Sikio moja lenye uzoefu linatosha."

Hayo ni maneno ya mkurugenzi wetu wa mitihani, ukurasa wa kwanza wa waraka aliotugawia Jumanne. Nimeyatanguliza mbele ya salamu, na najua mkeo atasema wifi yake hana adabu. Ni uongo, mdogo wangu. Takwimu ni za kweli, hesabu zimejumlishwa sawasawa, na bado ni uongo. Nitakuonyesha, ila kwanza nikusalimu kama binadamu.

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu, bado wanakua au wameshamaliza? Mgongo wako je, umenunua kiti cha maana au ungali unakalia kile kibovu ulichonionyesha kwenye picha? Sisi huku wazima. Mama ni mzima isipokuwa magoti, ambayo anasema yamestaafu kabla yake. Mimi nina miwani mpya na ulimi ule ule.

Juzi tulikuwa mezani mimi na Mama. Nilikuwa namweleza habari za huo waraka, nikazieleza kwa kirefu, unanijua. Nikajenga hoja ya mkurugenzi, nikaibomoa, nikaijenga tena kwa niaba yake ili niibomoe vizuri zaidi. Mama akaendelea kula. Alipomaliza akafuta mdomo, akaniambia, "Mwanangu, zamani nyumba hii ilikuwa na kelele za watu wawili. Sasa kelele ni zile zile, ila mtu ni mmoja." Nikaondoa vyombo.

Nikupe habari za chumba cha kusahihishia. Bado kiko ghorofa ya pili, dirisha la upande wa barabarani bado halifungi, na bado tunaliziba kwa kadibodi ili magari yasituingilie masikioni. Meza ni ile ile. Kilichobadilika ni viti. Enzi zetu tulikaa tumepeana migongo, kila mmoja na hedifoni zake. Utaratibu ule uliuleta wewe, nami nikakucheka, nikasema tunafanana na mke na mume waliokosana. Tulisikiliza mtahiniwa, tukaandika alama kwa wino, tukakunja karatasi, tukazitupa katikati ya meza, ndipo tukageuka. Zikifanana, tunapita. Zikipishana, vita.

Ulipoondoka, uongozi ukaja na wazo kwamba kupeana migongo kunavunja moyo wa ushirikiano. Tukageuziwa viti. Siku hizi tunatazamana, kama watu wanaosubiri chai.

Unakumbuka yule mpishi wa shule, aliyekuwa akinyamaza kabla ya kila jibu hadi tukadhani rekodi imekatika? Mimi nilisema ukimya ni ukimya: hana maneno. Wewe ukashikilia kwamba kuna ukimya wa kutafuta neno na ukimya wa kutafuta wazo. Wa kwanza huikata sentensi katikati, wa pili hukaa mlangoni kabla sentensi haijaingia. Nilikuita mshairi. Ukaniita mizani ya sokoni. Tukairudia ile rekodi mpaka mfagiaji akatuomba tuinue miguu, na mwishowe nikasogea kidogo, nawe ukasogea kidogo, na yule mama akapata alama ambayo hakuna hata mmoja wetu angempa akiwa peke yake. Ndiyo alama iliyokuwa ya haki kuliko zote tulizowahi kutoa. Utafiti wako wote ulizaliwa pale, kwenye ugomvi, na leo mkurugenzi huyu huyu anaunukuu kwenye hotuba zake bila kuusoma.

Sasa nikueleze habari ya Sawasawa. Ndiye aliyepewa nafasi yako. Ni mwalimu kijana, msomi, mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola. Jina hilo alipewa na fundi wetu wa mitambo, kwa sababu ndilo neno analolijibu kwa kila kitu. Nikasema haya, akili ni nywele, kila mtu ana zake, labda zake zimelala upande mmoja na zangu.

Jumatano mchana tulikuwa na mtahiniwa mmoja. Tukasikiliza, tukaandika, tukaweka karatasi mezani. Vigezo vitano, alama zake na zangu zikalingana kwenye vyote vitano. Mimi nikafikia kufurahi. Ndipo fundi akaingia anajikuna kichwa.

"Mama, naomba radhi," akaniambia. "Waya wa huyu bwana niliuchomeka vibaya baada ya mapumziko. Alikuwa anasikiliza majaribio yangu."

Majaribio yenyewe, mdogo wangu, ni sauti ya fundi akihesabu moja, mbili, tatu, kisha akimlalamikia mtu kwenye simu kwamba jino linamuuma na daktari wa meno hapokei. Basi. Hicho ndicho Sawasawa alichokisikia tangu mwanzo hadi mwisho, na alikitolea alama. Fundi akaiokota karatasi akaisoma.

"Mpangilio wa hoja nimepata zote hizi?" akauliza. "Na jino lote lile?"

Nikamuuliza Sawasawa kwa nini hakunyoosha mkono. Akanijibu kwa heshima zote, "Mama, nilidhani labda ni njia ya kutupima sisi. Nikakutazama, nikakuona umetulia, unaandika. Nikasema, kama Mama ametulia, mimi ni nani?"

"Na alama ulizitoa wapi?"

Akainamisha kichwa. "Ukishusha miwani huwa ni ya juu. Ukigonga kalamu, ya chini."

"Na nisipofanya lolote?"

"Ya katikati, Mama."

Fundi akatoka nje kwenda kucheka. Mimi sikuweza kucheka siku ile. Nimecheka leo, hapa mezani, kwa sababu nilikuwa najaribu kukisikia kicheko chako.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sawasawa si mvivu wala si mjinga. Mkataba wake huhuishwa kila mwaka, na anayeandika pendekezo ni mimi. Nimeandika makala, nimesimama kwenye mikutano, nimewaita wenzangu majina ambayo sitayarudia Mama akiwa chumba cha pili, na katika chumba kile kidogo watu wote wanaonizunguka wamefundishwa na mimi, wamependekezwa na mimi, na wanaogopa kalamu yangu. Nani atanipinga? Wamejifunza kunisoma uso kwa umahiri ambao laiti wangeutumia kusikiliza watahiniwa.

Hiyo ndiyo takwimu ya mkurugenzi. Anasema watu wawili wamekubaliana. Hapakuwa na watu wawili. Makubaliano yana uzito pale tu ambapo kila mmoja alikuwa na nafasi ya kukataa. Ukipiga kelele bondeni ukaitikiwa na mwangwi, huwezi kwenda mahakamani ukasema una mashahidi wawili. Utafiti wa upimaji ulilijua hilo kabla yeye hajavaa tai, na wewe umelifundisha kwa miaka. Dawa ya mtahini wa pili asiyesikiliza ni kumpa uhuru wa kusikiliza. Yeye anaona dawa ni kumfukuza.

Nilimwendea ofisini nikamweleza yote, jino na waya na miwani. Akasikiliza vizuri, akanikaribisha maji, kisha akasema, "Basi umenithibitishia mwenyewe. Huyo kijana hana kazi. Wewe peke yako unatosha, wewe ndiye bingwa wetu." Nimevishwa vilemba vya ukoka vingi, hicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Miaka yote nimewagombeza watu kwa kutonisikiliza, na sasa mtu anataka kuandika kwenye kanuni kwamba nisikilizwe mimi tu.

Bodi inakaa tarehe 29 mwezi huu. Wakiupitisha waraka ule, kuanzia mwaka ujao kila mtahiniwa atahukumiwa na mtu mmoja, na hakuna rufaa, kwa kuwa rufaa huenda kwa mtahini wa pili.

Na yule mtahiniwa wa Jumatano? Alama yake bado imefungiwa. Fomu ina sahihi mbili, lakini amesikilizwa na sikio moja. Mtihani huu ndio unaoamua kama ataingia chuo au hataingia. Sitakuambia ni wa kike au wa kiume, sitakuambia aliulizwa nini, na alama yangu sitaitaja hata ungenipigia magoti. Nimemsikiliza tena na tena nikiwa peke yangu, na kila mara nasikia kitu kile kile. Zamani hilo lingenitosha. Nikisikia kitu mara nyingi nilikuwa naamini ni kweli. Siku hizi nashindwa kujua kama namsikia yule mtahiniwa au najisikia mwenyewe.

Niliwaomba walimu wawili wamsikilize. Wa kwanza, hata hedifoni hajavaa, akaniuliza, "Wewe umempa ngapi, Mama?" Wa pili hakuuliza. Alinitazama tu miwani.

Mdogo wangu, niseme jambo jingine ambalo si la kazi. Mwezi uliopita uliponipigia simu nilikueleza mambo matatu, na moja kati ya hayo nililijua ni upuuzi mtupu. Nililiweka makusudi, kama mtu anayeacha mlango wazi. Ukasema, "Ni kweli, dada." Ukaniuliza hali ya Mama, ukanitakia usiku mwema. Baada ya simu kukatika nilikaa pale pale kitandani. Nilijua uko mbali tangu ulipopanda ndege, lakini umbali wenyewe niliusikia siku ile. Umekuwa mwema kwangu. Unanichukulia kama watu wanavyomchukulia mgonjwa, au mzee, au mwenye nyumba. Mwanzoni, ulipoondoka, nilizikosa hatua zako kwenye ngazi na ile tabia yako ya kula vya sahani yangu. Hayo niliyazoea. Ninachokikosa mpaka leo ni uso wako ukikunjwa nikiwa katikati ya sentensi, na lile neno lako, "Hapana, subiri kwanza." Sijaambiwa nisubiri na mtu yeyote tangu uondoke. Nimekuwa nikipita tu, milango yote wazi, na nimechoka.

Mama naye ana yake. Anasema kwenye simu sauti yako imekuwa ya mtu anayeongea amesimama. Nikamwambia hiyo ni tathmini nzuri ya lugha kuliko zetu. Akasema hataki tathmini, anataka ukae.

Sikuandikii ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu jina lako halijafutwa kwenye orodha ya watahini wenye sifa, nimehakikisha kwa katibu, na kanuni inaruhusu mtahini aliye nje kusikiliza rekodi inapotokea hitilafu ya mitambo. Na kwa sababu wewe, kati ya watu wote ninaowajua, mkataba wako hausainiwi na mimi.

Fundi anatuma rekodi kumi na mbili kwenye barua pepe yako. Zina namba tu. Mmoja kati ya watahiniwa hao ni wa Jumatano, wengine ni wa mwaka huu ambao Sawasawa aliwapa alama akinitazama usoni. Najua utajaribu kukisia alama zangu kutokana na hasira za barua hii. Acha. Hasira yangu ni ya mkurugenzi, haihusiani na watahiniwa.

Kabla sijamaliza, nifikishe salamu. Mama anakusalimu, anamsalimu mkwewe, na anawauliza wajukuu kama wanajua bibi yao yupo. Mjomba anakusalimu, ameacha sigara kwa mara nyingine. Fundi anakusalimu, jino limeng'olewa na anadai alama zake zibaki. Sawasawa pia anakusalimu. Nimemgeuzia kiti, amenipa mgongo kwa mara ya kwanza, na Ijumaa tulipishana kwa alama moja. Hakuibadilisha yake.

Mungu akulinde katika nchi za watu, akupe afya na mgongo ulionyooka, awakuze wanangu katika upendo, na asituzoeshe kuishi mbalimbali hadi tukaona ni kawaida.

Sasa sikieni wote wawili. Wifi yangu, nakuomba umpokonye simu, umfungie mlango, na usimpe cha kula mpaka amalize rekodi zote. Na wewe, Mbishi: sikiliza kila mmoja mara mbili, andika alama kwa wino, umtumie katibu wa bodi kabla ya tarehe 25, usinitumie mimi. Kisha kata tiketi. Tarehe 29 njoo uketi kwenye kile kikao mbele ya mkurugenzi na mbele yangu, na pale alama zako zitakapopishana na zangu, usizisogeze hata kidogo kwa ajili ya udugu. Uniambie mbele ya watu wote kwamba nimekosea, kisha unieleze kwa nini.

Ndimi dada yako, nikupendaye na nisiyekubaliana nawe,

Jaji.