Kandambili za Kusukumia

Jumatatu, 4 Machi

Namba kumi na tisa. Nimefika uwanja wa ndege kabla ya jua kuchomoza na bado namba kumi na tisa! Wenzangu sijui wanalala humu humu kwenye magari.

Saa nne nikabanwa. Nikaingia jengo la abiria kama siku zote. Mlinzi mpya kasimama mlangoni pa choo – tiketi iko wapi? Nikamwambia mimi ni dereva wa teksi, tangu mwaka juzi najisaidia humu. Bila tiketi hakuna choo, ni amri ya ofisi. Yaani mtu apande ndege ndiyo akojoe?

Madereva tuna choo chetu nyuma ya maegesho. Milango miwili. Wa kwanza wa wanaume. Wa pili umeandikwa WANAWAKE, una kufuli, na ndani msimamizi wa foleni kaweka matairi yake anayouza. Nikamwomba ufunguo. Kanijibu kwamba mwanamke kwenye foleni ni mmoja, matairi ni kumi na sita.

Basi nikaenda kituo cha mafuta. Dakika kumi kwenda, kumi kurudi, na jua lile. Sheria ni kwamba gari lisiposogea foleni ikisogea, linapitwa na kurudi mkiani. Bahati nyuma yangu alikuwa Mzee Redio, akanisukumia. Hapa hatuwashi injini kwa ajili ya hatua tatu, mafuta si maji ya mtoni. Tunashuka, tunasukuma. Ukienda haja unaacha kioo wazi na breki ya mkono chini, mwenzio anakusogezea. Mimi nina kandambili chini ya kiti kwa kazi hiyo, maana kwa viatu niliwahi kuteleza nikapiga magoti mbele ya abiria. Mzee ana kisukari, choo kinamwita kila saa. Nimelisukuma gari lake mara ngapi! Mpaka ananiita mwanangu.

Jumatano, 6 Machi

Hospitali. Mara ya tatu tangu mwaka uanze. Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, kaniuliza nakunywa maji kiasi gani kwa siku. Kikombe kimoja cha chai asubuhi, basi. Akaweka kalamu chini. Safari hii vijidudu vimeanza kupanda kwenye figo, kasema, na figo si kitu cha kuchezea. Ninywe lita tatu kila siku. Nikibanwa niende, nisijizuie. Nisijizuie! Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa.

Jioni dada yangu kapiga simu. Niache, hiyo ni kazi ya wanaume. Nikamwambia usukani hauulizi nani mwanamume, choo ndicho kinachouliza. Hakuelewa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Alhamisi, 7 Machi

Nimengoja kwa saa tano nzima. Abiria kafungua mlango, kachungulia, kauliza dereva yuko wapi. Nikamwambia ndiye huyu mwenye hereni. Anakwenda hoteli ile ya ng'ambo ya barabara. Ile inayoonekana kutoka hapa! Nikarudi mkiani. Maji sikunywa.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Watu wa ofisi ya uwanja wamepita wakigawa maua. Waliponiona walifurahi, wakanipiga picha nimeegemea gari. Wakiwa bado wanatabasamu nikawauliza habari ya choo. Wakasema hilo ni la chama cha madereva. Nimepewa ua. Ufunguo sikupewa.

Mchana msimamizi akatangaza: kusukumiana mwisho leo. Gari moja limegonga jingine, bampa limechubuka, mwenyewe kalalamika. Atakayesukuma gari la mwenzake, wote wawili mkiani. Nikamtazama Mzee Redio. Alikuwa anatafuta stesheni kwenye kile kiredio chake, kama hakusikia.

Jumapili, 10 Machi

Mkutano wa chama. Nimesimama mbele ya wanaume thelathini na saba nikatamka neno mkojo. Mimi, niliyelelewa na shangazi ambaye neno hilo halikutajwa nyumbani kwake! Nikawaonyesha karatasi ya daktari. Sikuomba makubwa. Mlango wa pili ufunguliwe, matairi yatafutiwe pengine. Mmoja akauliza kwa nini nisitumie chupa kama wao. Wakacheka. Nikamwambia akamuulize mama yake. Hawakucheka tena.

Msimamizi, pale pale mezani, akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Mkono wa Mzee Redio ulikuwa juu ya paja lake, umetulia.

Akanifuata nje.

"Mwanangu, yule ndiye anayepanga foleni. Mimi nimebakiza miaka miwili tu nipumzike. Nielewe."

"Nimekuelewa, mzee. Nimekuelewa sana."

Nimelia ndani ya gari. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Jumatatu, 11 Machi

Naandika juu ya usukani. Niko namba tatu. Namba mbili, mbele yangu, ni Mzee Redio. Hatujasalimiana. Nimekunywa chupa nzima ya maji, daktari afurahi, na tangu saa mbili nimebana. Magari mawili tu yaondoke, nipate abiria, njiani vyoo ni vingi. Nikiondoka sasa, ni mkiani, saa tano nyingine.

Mzee kashuka. Anatembea haraka, mkono kwenye mkanda. Sikumtazama.

Ndege imetua. Kubwa. Abiria wanamwagika.

Wa kwanza kaondoka. Foleni isogee sasa, lakini gari la Mzee limesimama mbele yangu na ndani hakuna mtu. Msimamizi ananionyesha kwa kalamu, pita, mama, pita. Sheria iko upande wangu, haijawahi kutokea tangu nianze kazi hii. Nyuma wanapiga honi.

Kaacha kioo wazi.

Mchukuzi kaligonga gari lake kwa toroli, likajongea lenyewe kidogo. Breki ya mkono iko chini! Baada ya jana! Ni mazoea tu, au alijua ni mimi niliye nyuma yake?

Hatawahi. Kule chooni kuna msururu, nauona kwenye kioo cha pembeni. Nikipita, anarudi mkiani na kisukari chake. Nikilisukuma, tunarudi wote wawili, na figo zangu nazo. Mkono mmoja tu angenyoosha jana, mshenzi yule! Mmoja!

Msimamizi anakuja huku. Nimevaa kandambili. Sijui nimezivaa saa ngapi.