Kuni za Mwalimu Mgeni

Sasa Akinyi dadangu,

Nisalimie mtaa wote wa Baba Dogo, hata jirani na redio yake. Ulisema huku milimani nitapumzika. Asante sana. Ukungu ni mzito hata ubao hauonekani, na mimi nafundisha nimejifunga blanketi kama mgonjwa.

Siku ya kwanza niliwekwa zamu kwenye lango la shule. Watoto wakafika, kila mmoja na ukuni mkononi. Mimi mtoto wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, nikajua ni vita. Nikawanyang'anya zote, nikazifungia stoo, nikawahubiria amani. Shujaa! Saa ya chakula mpishi akanijia: "Mwalimu, umeficha wapi kuni za githeri?" Kumbe kila mtoto huleta ukuni wa kupikia. Githeri iliiva wakati wa kurudi nyumbani, na shule nzima ilishinda ikinitazama.

Leo nimefungua mlango wangu nikakuta kuni zimerundikwa hadi dirishani. Watoto wameamua kwamba mwalimu wa Nairobi alizichukua kwa sababu ya baridi, akaona haya kuomba.

Nakukumbuka, hata kelele zako. Mama akiuliza kama nimeomba uhamisho, mwambie kwanza nimalize kuni.

Kaka yako,
Owino