Hedifoni alizonichagulia Emanueli

Neema uko wapi, shika simu. Nimetoka kwa Emanueli sasa hivi.

Unakumbuka hedifoni zile nilizonunua na Emanueli kule mpakani Sirari? Alinikataza za besi nzito. Akasema chukua hizi za bei ndogo zinazoziba sikio lote, za kurekodia nyumbani ni hizi, hazidanganyi. Binamu yangu kabisa, nikamwamini.

Leo tumerekodi wimbo wa bibi, ule wa kumtoa binti nyumbani anapoolewa. Nimeimba mpaka koo limekauka. Baadaye nimekaa sebuleni kwenye kompyuta, hedifoni masikioni, yeye na Frida wa kwaya wakaingia chumbani eti kupanga maiki. Wakafunga mlango. Maiki wameiacha wazi.

Neema, nimesikia kila kitu. Hata pumzi zao, na Emanueli akilitaja jina langu.

"Tukishapata maneno yote kwa Wegesa, sauti yake tunafuta. Utaimba wewe, watu wanakutaka wewe."

Frida akauliza, na yeye je? Emanueli akacheka. Alicheka, Neema. "Huyo tutamwambia kompyuta imefuta."

Wimbo wa bibi. Bibi aliyetulea wote wawili, ugali tukimega sahani moja.

Emanueli akatoka anatabasamu, akaniuliza, "Vipi dada, zinasikika?"

Nikazivua taratibu, nikazitia kwenye mkoba wangu.

"Ulinichagulia vizuri, kaka. Kweli hazidanganyi."

Tabasamu likamkauka mdomoni. Akageuka kuutazama ule mlango.