Posa Iliyokwisha Nywewa

Kariakoo, 2 Septemba 2024

Tumsifu Yesu Kristu, mwanangu Jovin. Hujambo huko melini? Mimi mzima, goti tu kwenye ngazi. Jumapili mimi na baba yako mdogo Elimringi tulipeleka mbege ya posa Buguruni kwa kina Blandina, yule binti mpole anayeuza ndoo na mabeseni jirani na kibanda changu. Kukuuliza nilisahau. Wazazi wake wameinywa na kuisifu, kwa hiyo posa imepokelewa. Njoo Desemba.

Na hiyo Bahari ya Shamu wanakopiga meli makombora, mwambie kapteni asipite. Hapa kwetu barabara ya Jangwani ikijaa maji si watu wanazungukia kwingine?

Mama yako

Melini, 9 Septemba

Milele amina. Shikamoo mama, pole na goti. Sasa mama, unaniposea mtu nisiyemjua? Na kapteni haelekezwi njia na mama wa fundi injini! Karudishe hiyo posa.

Mwanao

Kariakoo, 15 Septemba

Marahaba baba. Umekula? Mbege iliyokwisha nywewa inarudishwaje, niwakamue? Mkweo alikunywa mpaka akaimba. Nakutumia namba ya Blandina, ongea naye. Nikiwa nimekosea nitakwenda kuomba radhi kwa magoti, na hili bovu likiwemo.

Mama yako

Melini, 27 Septemba

Shikamoo mama. Natumaini hujambo. Nimeongea naye. Huo upole uliuona wapi? Nimemwita dada, kanikatia simu! Tukishavuka Shamu nashuka, Desemba nakuja kukataa mwenyewe, ana kwa ana. Hivi anapenda rangi gani?

Mwanao

Kariakoo, 3 Oktoba

Marahaba. Anayekuja kukataa anauliza rangi ya nini? Ni bluu. Umeshavuka? Nijibu basi.

Mama yako

Rombo, 11 Novemba

Mwanangu Jovin, leo hali sikuulizi. Wenye meli walisema kombora lilipiga chumba cha injini, na wewe ulikuwa zamu. Jana tumekuzika kihambani kwetu, kwenye migomba, kando ya baba yako.

Blandina alikuja, akakaa na mimi mkekani. Shangazi zako wakamuuliza, "Wewe ni nani wa marehemu?" Akajibu, "Mchumba. Alinikubali kwenye simu. Akasema mama asiambiwe kwanza, atajigamba Kariakoo nzima."

Nililia, halafu nikacheka, na padri yupo.

Kweli ningejigamba, baba. Ningeanzia mtaa wa pili, Gerezani.

Mama yako