Jina la Abshiro Alfajiri

Mwende, sikia ya leo. Abshiro, mwenye nyumba wangu, ameniletea askari.

Unajua tangu mafuriko ya El Niño yatufungie hapa Garissa nimekauka kiroho. Basi nimekuwa nikiamka alfajiri kumtafuta Mungu. Naomba uani, kwa sauti, kwa Kikamba.

Leo nafumbua macho, wamesimama mbele yangu.

"Mwalimu, unaongea na nani?" askari akauliza.

Nikasema, na Mungu.

"Mwongo," Abshiro akasema. "Kila siku nasikia jina langu. Wallahi, unaniroga."

Kuroga, Mwende. Mimi.

Nikamweleza kwamba naombea goti lake, maana namwona akiinuka kwa shida. Hakuamini. Akanilazimisha nirudie ombi lote kwa Kiswahili, askari akisikiliza. Nikarudia mpaka amina.

Askari akaondoka. Abshiro akabaki, bado amenikazia macho.

"Mwanangu Iftin alienda Mandera, hatujasikia habari yake," akasema. "Kesho mtaje na yeye. Lakini kwa Kiswahili, nisikie."